PUMZI NI NEEMA: HABARI YA DAKTARI ALIYEJITIA PUMU ILI AITAFUTIE KINGA

Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu hazihesabu ni pumzi. Huhesabu fedha zake, ng'ombe wake na magunia yake ya mahindi, lakini hana habari na pumzi anayoivuta mara nyingi kwa kila dakika, akiwa macho au amelala. Hana habari nayo mpaka siku ile inapopungua. Siku hiyo hatamani mali wala cheo. Hutamani hewa tu, ile ile ambayo kila kiumbe huipata bure.

Asiyelijua jambo hili na akeshe usiku mmoja na mgonjwa wa pumu. Sisi tulioishi Sumbawanga twalijua vyema. Mji huo uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, baina ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Ifikapo Juni na Julai, upepo wa milima ya Mbizi hushuka na baridi kali, watu hufunga milango na madirisha, wakaota moto wa kuni ndani ya nyumba. Ndipo, saa nane au saa tisa ya usiku, kifua cha mtoto huanza kulia kama filimbi. Huinuka akaketi, mabega juu, mikono imeng'ang'ania ukingo wa kitanda, na neno moja analotaka kumwambia mama yake hulikata mara tatu.

Nilishuhudia usiku kama huo katika nyumba ya jirani. Mgonjwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa. Kabla mtu yeyote hajataja hospitali, saa nzima ilipita watu wakiulizana ni nani aliyeonekana karibu na nyumba ile wakati wa magharibi. Bibi mmoja akanong'ona kuwa ni kazi ya wanga. Jina la mama mmoja wa nyumba ya pili likatajwa. Kulipopambazuka pumu ilikuwa imelegea yenyewe, kama ilivyo desturi yake mara nyingi, na hospitali haikuendewa. Lakini lile jina lililotajwa usiku halikufutika. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zikawa hazisalimiani.

Ajabu ni kwamba haya yalitokea katika mji ambao jina lake lenyewe ni wasia. Wazee wa Kifipa hutufundisha kuwa maana ya Sumbawanga ni "tupa uchawi". Basi katika makala haya napenda, ndugu msomaji, tutazame kwa pamoja jinsi wanadamu walivyoutupa uchawi katika jambo hili la pumu, wakashika kuchunguza na kupima. Na hasa tumtazame daktari mmoja aliyekifanya kifua chake mwenyewe kuwa chumba cha majaribio.

PUMU NI NINI?

Msomaji wa Ufipa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wahenga wake walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, nyingine zikifikia meta 3, ambazo hazikuhitaji mivukuto. Chini, pande zote, walitia mirija ya udongo. Moto ulipowaka, tanuri lilivuta hewa lenyewe kupitia mirija ile, na mawe yenye chuma yakayeyuka. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Majembe ya viwandani yalipoenea kazi ile ilikufa, lakini mabaki ya tanuri hizo bado huonekana hapa na pale katika uwanda.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: ikiwa mirija ya tanuri imezibika, je, fundi atalaumu moto? Mkaa upo, mawe yapo, hewa tele iko nje, lakini njia imebanwa. Kifua cha mwenye pumu ndivyo kilivyo. Mapafu yake si mabovu, ila njia ndogo za hewa zilizomo ndani yake ni nyepesi kukasirika kuliko za watu wengine. Zikiguswa na vumbi, moshi, baridi, mafua, chavua ya maua au manyoya ya mnyama, hutokea mambo matatu: misuli inayozizunguka hukaza, kuta zake huvimba kwa ndani, na makohozi mazito hujaa katika nafasi ndogo iliyobaki. Hewa hutoka kwa shida, na ile sauti ya filimbi ndiyo sauti ya hewa ikijipenyeza.

Na kwa nini huja usiku? Si kwa sababu wanga hutembea usiku. Usiku, hasa karibu na alfajiri, njia za hewa za kila mwanadamu husinyaa kidogo kwa maumbile yake, na homoni za mwili zinazozuia uvimbe hupungua. Mtu mzima wa afya hahisi kitu, bali mwenye pumu huzinduka akitweta. Ukiongeza baridi ya Julai na moshi wa kuni katika chumba kilichofungwa, hapana haja ya kumtafuta jirani.

WALIOTANGULIA

Wataalamu wa kale hawakuwa wajinga wa maradhi haya. Waarabu huyaita rabw. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mashuhuri wa karne ya 9 na ya 10, aliandika risala fupi akieleza kwa nini mwanachuoni Abu Zaid al-Balkhi alipatwa na mafua kila majira ya machipuo alipovuta harufu ya mawaridi. Tazama jinsi alivyouliza: hakuuliza ni nani aliyemroga Abu Zaid, bali aliuliza ni kitu gani kilichopo katika majira hayo ambacho hakipo katika mengine. Swali la namna hiyo ni nusu ya dawa.

Baada yake alikuja Musa bin Maimun, Myahudi aliyezaliwa Cordoba katika nchi ya Andalus, akahamia Misri na kuwatibu wakuu wa dola ya Sultani Salahuddin. Alikufa mwaka 1204. Alimwandikia mgonjwa wake mmoja mwenye cheo kitabu kizima kwa lugha ya Kiarabu juu ya pumu, chenye milango 13. Hakumwahidi dawa ya ajabu. Sehemu kubwa ya kitabu imeshika habari za chakula cha kiasi, usingizi, utulivu wa moyo na usafi wa hewa. Dawa zikafuata baadaye. Madaktari wa leo wakikisoma hutikisa vichwa kwa kukubali mengi yaliyomo.

Watu wa kawaida nao walikuwa na majani yao. Katika nchi nyingi, kuanzia Bara Hindi mpaka Afrika ya Mashariki, wenye pumu walivuta moshi wa majani ya mnanaha, mmea ule wenye tunda la miiba. Ni kweli kwamba moshi ule hulegeza misuli ya kifua. Lakini mmea huo ni sumu, na tofauti baina ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachopumbaza akili au kuua ni ndogo. Mtu asijaribu. Wanakemia walitumia kiini cha jamii ya mimea hiyo wakatengeneza dawa iliyo salama zaidi, nayo hutumika mahospitalini hadi leo.

Lakini tusidhani kuwa ni sisi tu tuliokosea kwa kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliihesabu pumu kuwa ni maradhi ya nafsi. Mama wa mtoto aliambiwa kuwa mapenzi yake yamezidi, au yamepungua, ndiyo maana mtoto hapumui. Wao hawakusema uchawi, lakini lawama ilikuwa ile ile na njia za hewa zikabaki zimevimba.

DAKTARI ROGER ALTOUNYAN

Sasa tumfikie mtu wetu. Roger Altounyan alizaliwa tarehe 24 Novemba 1922 nchini Syria, katika ukoo wa madaktari. Babu yake, Aram, Mkristo wa kabila la Waarmenia, alikuwa na hospitali katika mji wa Aleppo, ambao Waarabu huuita Halab, na baba yake, Ernest, alifanya kazi humo humo. Mama yake alikuwa Mwingereza. Utotoni Roger na dada zake walijifunza kuendesha mashua katika maziwa ya kaskazini ya Uingereza, na mwandishi Arthur Ransome akawafanya kuwa mfano wa watoto wa hadithi yake mashuhuri iliyotoka mwaka 1930.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani na mwalimu wa marubani. Vita vilipokwisha akasomea udaktari Uingereza, kisha akarudi Aleppo kuwatibu watu pamoja na baba yake. Mwaka 1956, ulipotokea mgogoro wa Mfereji wa Suez, ilimbidi aondoke. Akapata kazi katika maabara ya kutengeneza dawa huko Cheshire, Uingereza. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu.

Katika maabara hiyo kulikuwa na uchunguzi wa mmea ambao mtu aliyekulia Mashariki hakuuona mgeni. Wamisri huuita khella. Ni mmea wa maua meupe madogo madogo. Vijiti vyake vikikauka hutumiwa kuchokolea meno, na mbegu zake zimetumiwa tangu zamani kwa maumivu ya mawe ya figo. Katika miaka ya 1940, Profesa Anrep na wenzake wa Misri mjini Cairo walichunguza kiini chake wakaona kuwa hulegeza misuli ya mishipa ya moyo na ya kifua. Ila kilikuwa na udhia: kiliwatia watu kichefuchefu. Kwa hiyo wanakemia wa Uingereza wakawa wanakibadilisha kidogo kidogo, wakitumaini kupata kitu chenye faida bila ya madhara.

Hapa ndipo Altounyan alipotofautiana na wenzake. Kwa desturi, dawa mpya za pumu zilijaribiwa kwa simbilisi, wale wanyama wadogo ambao baadhi ya watu wa nyanda za juu za kusini huwafuga jikoni. Yeye aliona kwamba pumu ya kubuniwa katika mnyama si pumu ya mwanadamu. Akajua pia kwamba manyoya ya mnyama huyo huyo ndiyo yanayoiamsha pumu yake. Basi akatengeneza maji yaliyotokana na manyoya ya simbilisi, akayavuta kama mvuke mpaka kifua kikabana, huku akijipima nguvu ya pumzi kwa mashine. Siku nyingine akavuta kwanza dawa mpya, kisha akavuta yale maji, akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyomwambia kama dawa ina kitu au haina.

Fikiri, ndugu msomaji. Sisi twaikimbia pumu. Huyu aliialika mara kwa mara, kwa muda wa miaka 8 hivi, wala si kwa ushujaa wa kujionyesha, bali kwa daftari na vipimo. Dawa moja baada ya nyingine ilishindwa. Husimuliwa kuwa wakubwa wa kiwanda walimtaka aache habari ya pumu ashughulikie mambo mengine, naye akaendelea kwa wakati wake mwenyewe. Hatimaye, mwaka 1965, dawa moja ikasimama. Aliivuta, akavuta sumu yake ya manyoya, na kifua hakikubana.

JAMBO ALILOLIGUNDUA

Lakini dawa hiyo ilikuwa na ajabu moja. Mtu aliyekwisha banwa akiivuta, haimfunguzi. Haikulegeza misuli kama khella wala kama dawa nyingine zilizojulikana. Ilifaa tu ikitangulia. Kwa watu wa haraka, dawa isiyomsaidia aliyebanwa ingetupwa jalalani. Altounyan aliona kuwa hii ndiyo faida yake kubwa: haizimi moto, bali huzuia usiwake. Huzituliza chembe za mwili zinazomwaga kemikali za uvimbe pindi zinapokutana na kitu zisichokipenda.

Alisaidia pia kubuni chombo cha kuvutia dawa hiyo, kwa kuwa ilikuwa unga, na unga haufiki kifuani kwa kumezwa. Aliyekuwa rubani alikumbuka panga za ndege: ndani ya chombo kidogo kama filimbi kuliwekwa pangaboi dogo, na mgonjwa anapovuta pumzi, pangaboi huzunguka na kuutawanya unga. Mwaka 1967 yeye na Profesa Howell walitangaza matokeo ya jaribio ambalo ndani yake si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepewa dawa na nani amepewa unga mtupu. Hivyo ndivyo elimu inavyojilinda na matamanio ya mwenye kuifanya. Mwaka 1968 dawa ikaanza kuuzwa Uingereza, jina lake kromoglikati.

Katika miaka hiyo hiyo wengine nao walikuwa kazini. Mwaka 1966 na 1967, Ishizaka na mkewe huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, walitambua ile protini ya damu inayoufanya mwili wa watu wengine ukasirikie vumbi au chavua. Mwaka 1969 ikatoka salbutamoli, dawa ya kuvuta ambayo hufungua kifua kwa dakika chache. Mwaka 1972 ikatoka beklometasoni, dawa ya kuvuta ambayo hutuliza uvimbe wenyewe. Hii ya mwisho, pamoja na jamii yake, ilionekana kuwa na nguvu kuliko kromoglikati, na leo ndiyo nguzo ya matibabu ya pumu duniani. Kromoglikati haitumiki tena sana kwa pumu, ingawa ipo katika dawa za matone ya macho na ya pua kwa wenye mzio.

Je, kazi ya Altounyan imepotea? Hasha. Alikufa tarehe 10 Desemba 1987, lakini fikra yake ndiyo iliyobaki: kwamba pumu haingojwi usiku wa saa tisa ndipo ipigwe, bali huzuiwa mchana, mgonjwa akiwa mzima na anacheka.

SISI NA DAWA MBILI

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye shida yetu, nami nakuomba usome kwa makini.

Yule mtoto niliyemtaja alipelekwa hospitali mwaka uliofuata, akapewa vipulizio viwili, ambavyo wengi huviita inhela. Kimoja, kwa kawaida cha rangi ya buluu, ni cha kufungua kifua. Cha pili, mara nyingi cha rangi ya kahawia, ni cha kinga, cha kuvuta asubuhi na jioni kila siku. Wazazi walikijaribu cha kinga siku nne wakasema, "Hiki hakina kazi." Walisema kweli kwa kadiri ya macho yao: hakifungui kifua, wala huoni kitu ukikivuta. Wakakiweka kabatini. Cha buluu wakakipenda, kwa sababu kilileta nafuu papo hapo. Kikiisha wakanunua kingine, na kila mwezi kikaisha upesi zaidi.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti, wakati wa kupura maharage na kupukuchua mahindi, uwanda wote ukiwa vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa. Pumu ikaja, kipulizio cha buluu kikavutwa mara kumi, ishirini, kisisaidie. Safari hii hapakuwa na saa ya kuulizana habari za wanga. Walimbeba alfajiri, midomo imegeuka rangi, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu oksijeni na sindano zilimwahi.

Dawa ya kufungua ilikuwa imewadanganya kwa wema wake. Ililegeza misuli kila siku, na chini yake uvimbe ukaendelea kukua kama moto wa pumba, ambao juu ni majivu na ndani ni makaa. Hii ndiyo sababu mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lilitoa shauri kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, bali awe na dawa ya kutuliza uvimbe. Mwaka huo huo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 262 walikuwa na pumu na watu 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Wengi wa hao hawakufa kwa kuwa dawa haijagunduliwa. Walikufa kwa kuwa haikuwafikia, au iliwafikia ikakaa kabatini.

Wengine huogopa. Husema kuwa ukianza kuvuta dawa hutaiacha, au kwamba mwenye kipulizio amekaribia mwisho wake. Hayo si kweli. Dawa ya kuvuta hufika kifuani kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge, na dawa ya kinga haimzoeshi mtu kama tumbaku. Inatosha kusukutua kinywa na kutema maji baada ya kuivuta, ili kuepuka utando mweupe mdomoni.

Wengine hushindwa na ufundi wa kuvuta, hasa watoto. Dawa huishia ulimini. Kwa hili pia Afrika imetoa mtaalamu wake. Mwaka 1999, Daktari Heather Zar na wenzake huko Cape Town, Afrika ya Kusini, walithibitisha kuwa chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako ili kipulizio kikae barabara, na mtoto akapumulia shingoni mwake, humfikishia dawa vizuri sawa na chombo cha kununua kwa bei ghali. Chupa tunayoitupa njiani! Mwulize daktari au mwuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia.

Na kwa wafungaji wa Ramadhani: dawa ya kinga huvutwa mara mbili kwa siku, basi mara nyingi yaweza kupangwa wakati wa futari na wakati wa daku. Ama kipulizio cha kufungua kifua, maulamaa wamekhitalifiana kama kinabatilisha saumu, na kila mtu amwulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini hapana khitilafu yoyote kwamba mgonjwa amepewa ruhusa, na kwamba aliyebanwa pumzi hangoji magharibi.

MOSHI WETU WENYEWE

Yafaa pia tujitazame majumbani. Mwaka 1998 watafiti wa Kenya, Ng'ang'a, Odhiambo na wenzao, walitangaza kuwa walikuwa wamewakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa vijiji vya Muranga na kuwapima pumzi baada ya mbio. Wa mjini waliobanwa kifua walizidi 2 katika kila 10. Wa kijijini walizidi kidogo 1 katika kila 10. Basi mji unaokua una sehemu yake, na Sumbawanga nayo inakua. Lakini kijiji nacho hakikusalimika, na moshi wa jikoni ni adui tunayemlea wenyewe. Kutenga jiko na chumba cha kulala, kutoboa tundu la kutolea moshi, kuanika matandiko juani, kutomvutia mtoto sigara usoni: hayo hayahitaji mfadhili kutoka nje.

MAFUNZO

Tujifunze nini kwa daktari huyu? Sisemi mtu amwige kwa kujitia maradhi. Nafsi ni amana, na siku hizi kuna kamati za kuchunguza kila jaribio kabla halijafanywa kwa mwanadamu, na ni vyema ziwepo. Funzo ni jingine. Alikuwa na maumivu, wala hakuyafanya kuwa sababu ya kumchukia mtu. Aliyageuza kuwa swali, akalipima swali lile, akaandika jibu hata lilipokuwa kinyume cha alivyotaka.

Tazama pia mnyororo wenyewe: mmea wa wakulima wa Misri, swali la tabibu Mwislamu wa Rayy, kitabu cha Myahudi wa Cordoba, kifua cha Mkristo wa Aleppo, chupa ya Cape Town. Hakuna aliyesema elimu ni ya kabila lake. Kila mmoja alipokea, akaongeza, akapitisha. Na mtoto wa Ufipa anapopumua usiku wa Julai, wote hao wana fungu lao katika pumzi ile.

Yule mtoto leo ni msichana mkubwa. Huvuta dawa yake ya kinga kila siku kabla ya kwenda shule na kabla ya kulala, na kile kipulizio cha buluu hukaa miezi bila kuisha. Mama yake alipofahamu maradhi yale yalikuwa nini, alikwenda nyumba ya pili akaomba radhi. Alipokelewa na kupewa kiti. Lakini miaka waliyonuniana haikurudi, wala watoto wao waliokatazwa kucheza pamoja hawakurudia utoto.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa pumu nyumbani, mpeleke hospitali angali mzima, uliza habari ya dawa ya kinga, ifuate kama ulivyoagizwa, na usimnong'oneze mtu jina la jirani. Wazee wa Kifipa waliuita mji wao kwa amri ya kutupa, nasi tungali tumeshika.

Mwenyezi Mungu atuafikishe katika kheri, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.